Wanaiitaje Huko Ilikotoka? Uhakiki wa Tafsiri Yangu ya Misimu ya Kiingereza ya Mavazi

Katika mwaka wangu wa pili wa kusoma Kiswahili hapa Kigali, mwalimu wetu wa tafsiri alitupa zoezi fupi la sentensi chache za Kiingereza alizozitunga mwenyewe. Mama mmoja wa Liverpool anamgombeza mwanawe aokote "kecks" zake sakafuni. Rafiki wa mtoto huyo, mzaliwa wa Belfast, anatafuta "gutties" zake ili wakacheze nje. Mgeni kutoka Auckland anabisha hodi, na miguuni amevaa "jandals". Tulitakiwa kuzitafsiri kwa Kiswahili sanifu katika muda wa nusu saa.

Niliandika kwamba mama alimwambia mtoto aokote nguo zake, kwamba rafiki alitafuta viatu vyake, na kwamba mgeni alifika akiwa amevaa viatu vya wazi. Nilipata alama 18 kati ya 20. Pembeni mwa karatasi mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Umeepuka misimu vizuri."

Nilifurahi siku ile. Niliposoma tena karatasi hiyo miezi kadhaa baadaye, furaha ilipungua. Watu watatu wa miji mitatu waliingia katika tafsiri yangu kila mmoja na vazi lake, wakatoka wote wamevaa sare. Insha hii ni uhakiki wa kazi ile. Ninaikosoa kazi yangu mwenyewe, na pamoja nayo ninayakosoa mazoea yetu ya darasani na ya kamusi zetu za lugha mbili, ambayo yaliifanya kazi dhaifu ionekane safi.

Nianze na swali nililoulizwa nyumbani kabla sijaulizwa na mwalimu yeyote. Mama yangu aliuza caguwa kwa miaka mingi katika mtaa wa Biryogo, Nyamirambo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua biashara hiyo kwa jina la mitumba. Jina letu limetoka katika kitenzi cha Kiswahili, kuchagua, kwa kuwa mteja huinama kwenye rundo na kuchagua. Waganda wanasema mivumba, Wazambia wanasema salaula, Wamalawi wanasema kaunjika. Majina yote hayo yamezaliwa sokoni, wala hakuna kamati iliyokaa kuyatunga.

Siku moja mama alifungua belo, akatoa suruali nzito ya bluu, akaigeuza ndani nje kukagua mishono. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma Kiingereza, hao walioivaa hii walikuwa wanaiitaje?"

"Trousers, mama," nilijibu haraka.

Akaguna, akaendelea kupanga mzigo. Nilidhani nimemjibu. Kumbe nilikuwa nimempa jibu la kitabu tu, maana belo moja laweza kubeba nguo zilizovuliwa katika miji mingi, na katika kila mji suruali ile ile ina jina lake.

Mtu wa London angeiita "trousers", ni kweli. Kwake neno "pants" ni chupi. Mmarekani akisema "pants" anakusudia suruali. Hadi hapo mwanafunzi anaweza kukariri kwamba Uingereza ni hivi na Marekani ni vile, akafaulu mtihani. Lakini katika eneo la Lancashire, huko huko Uingereza, wapo watu wa kawaida wanaoiita suruali "pants", na hawajaiga Wamarekani. Ndivyo walivyosikia kwa wazazi wao. Liverpool utasikia "kecks". Australia utasikia "strides" au "daks", na hilo la mwisho lilikuwa jina la biashara la suruali za kampuni ya London, zilizoanza kuuzwa katika miaka ya 1930. Jina hilo lilivuka bahari, likaacha kuwa mali ya kampuni, likawa la kila suruali. Waaustralia wakalifanya hata kuwa kitenzi, cha kumvuta mwenzako suruali ikashuka, kwa mzaha.

Sasa fikiria sentensi inayosema kwamba jirani alifungua mlango akiwa na "pants" tu. Huko Chicago amevaa suruali na kifua kiko wazi. Huko London ni aibu kwa majirani. Mfasiri asiyejiuliza msemaji ni wa wapi hawezi kujua kama mhusika wake amesitirika. Kamusi inayoandika "pants: suruali", ikaishia hapo, imemwacha mfasiri huyo njia panda bila hata kumwambia kwamba kuna njia panda.

Kosa la kwanza ninalolikosoa ni hilo: kuyapokea majina ya mavazi kana kwamba Kiingereza ni kijiji kimoja. Kosa la pili limo katika ile sifa niliyoandikiwa pembeni. Tulifundishwa kwamba misimu ni maneno ya kupita. Jina lenyewe linasema hivyo: huja kama msimu wa maembe, huondoka, na mwandishi makini hasubiri maembe yaoze juu ya karatasi yake. Fundisho hilo lina ukweli kwa maneno mengi ya vijana. Kwa majina ya mavazi mara nyingi halina.

Tazama "kecks". Inaaminika kuwa ni sura nyingine ya "kicks", neno la zamani la mtaani la suruali za kuishia magotini. Francis Grose, ambaye kamusi yake ya lugha ya watu wa chini ilitoka mara ya kwanza London mwaka 1785, aliliorodhesha. Suruali za siku zile zimeoza, washonaji wake wamesahaulika, na mtindo wenyewe hauvaliwi tena ila katika maigizo. Neno bado linatumika Liverpool. Tazama pia "togs", neno la nguo linalohusishwa na toga ya Kilatini, ambalo lilipitia katika lugha ya siri ya wezi wa Kiingereza. Leo hii New Zealand, Ireland na jimbo la Queensland hulitumia kwa vazi la kuogelea. Ukiwa Sydney utasikia "swimmers" au "cossie". Ukiwa Melbourne, "bathers". Neno lililodumu zaidi ya miaka 200 likibadilishana bahari na maana, tunaliitaje la msimu?

Nadhani tumechanganya mambo mawili. Kuna neno linalotumiwa na kundi dogo kujitenga na wengine, nalo hupita kundi likikua. Na kuna neno ambalo mama hulitumia akimwambia mtoto aokote suruali yake. Hilo la pili ni neno la nyumbani. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaheshimu sana lahaja katika somo la isimu. Tunakariri Kiamu, Kimvita, Kimakunduchi. Tukikutana na Mwingereza anayesema kama nyanya yake, tunamwandikia "misimu" na kumrekebisha.

Nirudi kwa mtoto wa Belfast, kwa sababu kwake nilikosea zaidi. Alikuwa akitafuta viatu vyepesi vya kitambaa vyenye soli ya mpira, ambavyo watoto wengi wa Uingereza na Ireland walivivaa katika vipindi vya michezo shuleni. Kiingereza cha vitabuni huviita "plimsolls", kutokana na Samuel Plimsoll, mbunge wa karne ya 19 aliyepigania meli zichorwe alama ya kikomo cha mzigo. Ule mstari wa mpira pembeni mwa kiatu ulifananishwa na mstari wa meli. Bristol na Wales Kusini watoto waliviita "daps". Kaskazini mashariki mwa Uingereza vilikuwa "sandshoes", viatu vya mchangani. Kwingine vilikuwa "pumps". Belfast, na sehemu za Scotland pia, vilikuwa "gutties", jina linalotokana na utomvu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki unaofanana na mpira.

Sasa, Kiswahili kina neno raba. Ni neno la sokoni, la uwanjani, la mtoto anayeomba anunuliwe viatu kabla ya mashindano ya shule. Limetoka katika jina la Kiingereza la mpira. Yaani mtoto wa Belfast alikiita kiatu chake kwa jina la utomvu wa soli yake, na mtoto wa Dodoma naye akafanya hivyo hivyo bila wawili hao kuonana. Ningeandika tu kwamba rafiki "anatafuta raba zake". Kiatu kingekuwa kile kile, umri wa msemaji ungesikika, na hata njia ya kukipa kitu jina ingevuka pamoja na neno. Nilikuwa nalo neno hilo kichwani. Sikuliandika kwa sababu nililiona la mtaani mno kwa karatasi ya chuo. Nikaandika "viatu", nikasifiwa.

Kwa mgeni wa Auckland kazi ni ngumu zaidi, na sitaki kudai kwamba kila kufuli lina ufunguo wake. "Jandals" ni viatu vya mpira vyenye kanda mbili zinazokutana kati ya kidole gumba na kinachofuata. Jina limeunganishwa kutokana na maneno ya Kiingereza ya "Kijapani" na "sandali", na lilisajiliwa kama alama ya biashara huko New Zealand mwaka 1957. Leo ni jina la kila mtu nchini humo. Ng'ambo ya bahari, Australia, viatu hivyo hivyo ni "thongs", neno ambalo Uingereza na Marekani wengi hulisikia kama jina la chupi nyembamba ya kamba. Katika sherehe za kufunga Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, mwimbaji Kylie Minogue aliingia uwanjani akiwa amebebwa juu ya kiatu kikubwa mno cha aina hiyo, na Waaustralia walijiona wenyewe pale, wa ufukweni wasio na makuu. Afrika Kusini viatu hivyo ni "slops". Katika Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki ni "slippers", na Mwingereza akisikia hivyo hufikiria viatu laini vya kuvaa sebuleni wakati wa baridi.

Kiswahili nacho hakikai kimya. Kandambili, ndala, malapa, patipati: hayo yote ni majina ya kiatu hicho, na kila msomaji wa insha hii tayari anajua ni lipi la kwao na lipi la kwa jirani. Kwetu Rwanda tunasema kambambili. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika neno hilo katika insha ya Kiswahili, likakatwa kwa mstari mwekundu. Mwalimu hakukosea, kwa kuwa sura yake ya Kiswahili ni kandambili, kanda zikiwa mbili. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba neno langu ni mtoto wa neno hilo, lililotoka kwenu likaja kwetu kwa miguu, likachakaa kidogo njiani kama kandambili zenyewe zinavyochakaa. Niliambiwa tu kwamba ni kosa. Nadhani siku ile ndipo nilipojifunza kuandika "viatu vya wazi". Mwanafunzi aliyekatwa neno la nyumbani kwake hujifunza haraka kukata maneno ya nyumbani kwa wengine.

Kwa hiyo "jandals" niziiteje? Tulibishana darasani. Mwenzangu mmoja aliyekulia Bujumbura alitaka kandambili, basi. Mwingine, aliyekaa Dar es Salaam miaka mitatu, alisema malapa, kwa kuwa neno hilo ndilo lenye sauti ya mtaani. Mimi nilimuuliza: ukimvika mtu wa Auckland malapa, hujamhamishia Kariakoo? Akanijibu swali kwa swali: nawe ukimvika kandambili, umempeleka wapi?

Baada ya kulifikiria sana, naona jibu hutegemea kazi ambayo neno linafanya katika sentensi. Kama mwandishi anataka tu tujue kwamba mgeni alikuja bila kujipamba, kandambili linatosha, kwa sababu linaeleweka katika nchi nyingi na halina majivuno. Kama neno linatuonyesha msemaji ni mtu wa tabaka gani, au umri gani, basi mfasiri atafute neno la mtaani lenye uzito huo huo, na akubali kwamba litakuwa na harufu ya mji fulani. Hakuna neno la mtaani lisilo na mtaa. Na kama kisa chenyewe kinahusu tofauti ya mahali, kwa mfano mtu wa Auckland anachekwa Sydney kwa kusema "jandals" badala ya "thongs", basi neno libaki kama lilivyo, na sentensi ya pili imsaidie msomaji. Hapo ukiandika kandambili mara mbili umeua kicheko.

Najua pingamizi, kwa kuwa mwalimu wetu alilitoa, na ni mtu ninayemheshimu. Alisema: "Binti yangu, msomaji wako yuko Mombasa, mwingine yuko Bukavu, mwingine yuko Muscat. Kiswahili sanifu ndicho kinachowakutanisha. Ukianza kuandika maneno ya mitaani, utamwacha mmoja nje." Hoja hiyo ina nguvu. Bila Kiswahili sanifu mimi mwenyewe nisingeandika insha hii ukaielewa. Lakini usanifu na ujumla ni vitu viwili. Raba, kandambili na suruali ni maneno yanayoeleweka mbali, nayo yanataja kitu chenyewe. "Nguo" na "viatu" yanaeleweka mbali zaidi kwa sababu hayataji kitu chochote hasa. Nilijificha katika ujumla na kuuita usanifu.

Yupo mtu mmoja ninayependa wenzangu wamsome habari zake. Joseph Wright alizaliwa Yorkshire mwaka 1855, akafanya kazi kiwandani tangu utotoni, na hakujua kusoma hadi alipokaribia miaka 15. Baadaye akawa profesa wa Oxford, na kati ya mwaka 1898 na 1905 alichapisha kamusi ya lahaja za Kiingereza yenye majuzuu sita. Humo kila neno limeandikiwa eneo linakosemwa. Mtoto wa kiwandani hakuyaona maneno ya watu wa kwao kuwa takataka za kufagiwa ili Kiingereza kionekane safi. Aliyapa anwani. Kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili zingeweza kujifunza hilo moja tu kutoka kwake: anwani. Badala ya kuandika "msimu" mbele ya neno, au kuliacha kabisa, ziandike linasemwa wapi na humaanisha nini pale. Upande wa Kiswahili nao zifanye vivyo hivyo, ili ndala, malapa na patipati yakae mahali pamoja, kila moja na kwao.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nimeishi miaka yangu yote ndani ya nguo zilizovaliwa na wengine kwanza, nami nashuhudia kwamba zilinisitiri. Lugha yetu nayo ni shahidi. Suruali imetoka kwa Waarabu, sapatu kwa Wareno, shati, sweta na raba kwa Waingereza, na fulana ni jina la kitambaa cha Kiingereza lililogeuka vazi. Hakuna Mswahili anayeona aibu akiyatamka, kwa sababu kila neno lilichaguliwa na mtu aliyehitaji kulivaa, likapunguzwa hapa na kushonwa pale mpaka likamkaa. Lililo muhimu ni kujua unachokichukua kwenye rundo.

Nimeiandika upya tafsiri ile, ingawa hakuna atakayeisahihisha. Mama anamwambia mtoto aokote suruali yake, na nimempa ukali wa mama wa mtaani ili "kecks" zisipotee bure: "Hebu liokote hilo suruali lako!" Rafiki anatafuta raba zake. Mgeni anasimama mlangoni na kandambili miguuni. Si kamilifu. "Suruali" bado haina Liverpool ndani yake, na nimelazimika kuitafuta Liverpool katika ukali wa sauti, kwa ule ukubwa wa li-. Lakini sasa kila mmoja amevaa kitu chake.

Mama naye nilimpelekea jibu lake, nikiwa nimechelewa miaka miwili. Nilimwambia kwamba ile suruali ya bluu sijui walikuwa wanaiitaje, kwa sababu sijui ilivuliwa wapi. Alisema hilo alilijua tangu mwanzo. Ndiyo maana aliuliza.